Kitanda cha hoteli ya nyota tano ni balaa, ila friji usiiguse

Jamani nimelala siku mbili hoteli ya nyota tano katikati ya jiji, jina siweki maana bado nina kinyongo nao kidogo, ila ukweli usemwe kitanda kama kile sijawahi kulalia. Shuka zimenyooka mpaka unaona aibu kuzikunja, mito sita, ukivuta lile pazia zito ni giza totoro mchana kweupe na honi za huko chini huzisikii kabisa. Nililala saa nne usiku nikaja kushtuka saa tatu asubuhi, mimi ambaye nyumbani paka akipiga chafya tu niko macho.

Ila swichi za taa sasa. Ziko saba kando ya kitanda, nimebonyeza zote ikabaki kataa kamoja chini ya meza kananiangalia tu, mwisho nikachomoa ile kadi ya umeme pale mlangoni, na eisi nayo ikazima.

Haya twende kwenye hela. Ukifika mapokezi wanashikilia dipoziti, yaani hela ya dhamana, kwenye kadi yako, mbali na hela ya chumba, na ukitoa kadi ya kawaida ya benki ni hela yako yenyewe inayofungiwa, yangu imerudi baada ya wiki nzima na ushee. Kama unayo kadi ya mkopo toa hiyo.

Halafu friji ya chumbani, ile yenye vinywaji vya kuuza. Nilitoa visoda viwili nipate pa kuweka maji yangu, nikaviacha mezani. Kumbe trei ya mle ndani ya friji ina sensa, ukinyanyua kitu kikachelewa kurudi bili inaandika umekunywa! Siku ya kuondoka naona vinywaji viwili, na juu yake wamepachika kodi na huduma. Nikamwambia dada wa mapokezi, dada angu, hivyo visoda viko mezani havijafunguliwa, akapiga simu juu mtu akaenda kuangalia, mimi nimesimama na begi langu na foleni nyuma inanitazama kama nimeiba taulo. Wakafuta, na dada akaomba radhi vizuri tu, kosa wala sio lake.

Kwa kitanda kile nitarudi, sidanganyi, ila nitawaambia watoe vitu vyote kwenye friji kabla sijapanda lifti, nimeuliza wakasema ukiomba wanatoa.