Kipimajoto cha dhiki au maswali tisa: kipi kimfae muuguzi wodini?

Muamkie bibi wa Tanga aliyelazwa kwa saratani: "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Atakujibu, "Marahaba mwanangu, alhamdulillahi," hata kama usiku kucha hakupata lepe la usingizi. Kwa hiyo salamu peke yake haitoshi kujua dhiki aliyo nayo moyoni.

Kipimajoto cha dhiki ni mchoro wenye namba 0 hadi 10. Mgonjwa anaonyesha kwa kidole ameelemewa kiasi gani wiki hii. Ikifika 4 na kuendelea, muuguzi anachimba zaidi. Pembeni kuna orodha ya yanayomsumbua: usingizi, watoto, usafiri. Kwangu hapo ndipo penye utamu. Mtu wa Tanga akipangiwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, huenda akawaza nauli na pa kulala kabla hajawaza uvimbe. Dakika chache tu, trei ya dawa ikiwa bado mkononi, umemaliza.

PHQ-9, dodoso la kupima sonona, ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. 10 na zaidi huashiria sonona ya kuchunguzwa. Ni ndefu, na maswali ya uchovu na hamu ya kula yanaweza kumpandishia alama mtu ambaye dawa za saratani zenyewe zimemlegeza. Ila swali la tisa linauliza waziwazi kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Namba ya kipimajoto haikuambii hilo.

Mimi ningeanza na kipimajoto kwa kila anayelazwa, kisha maswali tisa kwa waliofika 4. Na pazia livutwe kwanza. Jirani wa kitanda ana masikio.