TAHADHARI: Balo la "vinteji" linalokatwa mikanda mbele ya macho yenu

Wana Mwanza, sambazeni hii imfikie kila anayenunua mtumba, kuanzia Buhongwa mpaka Kisesa. Kuna tapeli anauza majaketi ya jinsi kwa jina la vinteji ya Marekani, yaani nguo za miaka ya nyuma zinazotafutwa, na anavyowaingiza watu mkenge ni aibu kwa kila anayekula kwa jasho la mitumba katika jiji hili. Jina silitaji kwa sababu suala linakwenda polisi. Wanaomjua wameshamjua.

Kwanza ieleweke kwamba huyu si mfanyabiashara wa ndani ya soko la Mlango Mmoja. Wale wana meza zao, ukirudi kesho unawakuta. Huyu anategea pembeni, jioni, watu wakitoka kazini, na leo akiwa hapa kesho hayupo.

Balo linashushwa kwenye guta hadharani, limevikwa sandarusi nyeupe na mikanda ya plastiki, na karatasi ya kilo 45 imebandikwa ubavuni. Hafungui mwenyewe. Anachagua mtu kwenye kundi, safari hii alikuwa mdogo wetu wa Igoma, anamkabidhi kisu: "Dada, kata wewe. Shika mkanda kwanza, uone kama kuna mkono wa mtu umepita hapa." Binti wa watu akashika, akakata wa kwanza, akakata wa pili. Winga wawili, wapiga debe wake, wanapiga kelele kwamba mzigo haujaguswa, umetoka kontena leo. Zikaanza kutoka takataka: fulana zilizotoboka, shati la kola iliyolika, suruali ya fundi yenye rangi ya ukuta. Hapo ndipo mtego ulipo. Anayeona takataka zinatangulia anaamini balo ni la kweli, maana nani angejipangia uchafu juu ya mzigo wake?

Ndipo mkono ukazama katikati na kutoka na jaketi. Mabega yamepauka, kingo za kola zimetoa nyuzi, vifungo vina kutu, lebo ya ndani ina rangi ya manjano kama ya kitu cha siku nyingi. Winga mmoja akajigeuza mteja: "Hilo langu, elfu hamsini." Wa pili akadakia sitini. Mdogo wetu akaona bahati inampita, akatuma 65,000 kwa simu, na jina lililotokea kwenye skrini halikuwa la muuzaji. "Hiyo ni laini ya mke wangu," akaambiwa. Balo lile lile likatoa majaketi mengine matatu ya aina hiyo, yote yakaenda.

Na asitokee mtu wa kumcheka. Kila aliyelelewa kwenye mtumba amefundishwa kuwahi balo likikatwa, kwa sababu aliyesimama pale mkanda unapoachia ndiye anayepata gredi ya kwanza. Huo ni ujuzi halali, na tapeli ameugeuza kuwa ndoano. Bei nayo haikuwa ya kutupa kiasi cha kumshtua mtu. Jaketi zito la jinsi la miaka ya nyuma, likiwa zima, linafika bei hiyo na kuipita.

Sasa kinachofanyika usiku. Balo la gredi ya chini linafunguliwa, vizuri vichache vilivyomo vinatolewa na kuuzwa kivyake. Majaketi mapya ya bei ya chini, yale mepesi ya madukani, yanaloweshwa kwenye jiki iliyochanganywa na maji, yanasuguliwa msasa mabegani na viwikoni, vifungo vinapakwa maji ya chumvi vishike kutu, lebo inachovywa kwenye chai ya rangi. Akipata lebo halisi kutoka nguo iliyochanika, anaikata na kuishona humo. Kisha vyote vinarudishwa ndani, vinabanwa kwa fremu ya chuma na jeki ya gari, mikanda mipya inapigwa juu, karatasi ya kilo inarudi mahali pake.

Hasara haiishii kwenye 65,000. Jiki inakula nyuzi za pamba, na ikikuta kitambaa chenye mpira inaua ule mpira kabisa. Asiyesuuza vizuri, na huyu hasuuzi, anaiacha dawa ndani ya kitambaa iendelee kula. Jaketi linafuliwa mara mbili tatu, kiwiko kinaachia, mshono wa bega unafumuka huku kitambaa kikikatika pembeni yake, na hakuna fundi wa kulishona kwa sababu kila sindano inapopita panachanika upya. Mwenye ngozi laini anawashwa shingoni. Mdogo wetu alilinunua akaliuze. Sasa mteja wake anamdai yeye.

Mtu huyu akamatwe. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wazi: kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa lenye kifungo kinachofika miaka 7. Asiachiwe kwa kurudisha hela ya mtu mmoja aliyepiga kelele, kama ilivyozoeleka, halafu wiki ijayo anatandika Nyegezi. Afikishwe mahakamani, arudishe fedha za wote, na ile fremu yake na jeki yake vikamatwe kama vielelezo.

Kwa watakaokutana naye kabla hajashikwa, tazameni hivi. Balo la kiwandani limebanwa kwa mashine mpaka linakuwa gumu kama tofali. Ukiligonga kwa ngumi mkono unauma, na mkanda ukikatwa linafutuka kwa nguvu. La kwake lina tumbo, linabonyea. Mikanda ya kweli imezama ndani ya sandarusi na kuacha mfereji, kwa hiyo ukiona mfereji uko hapa na mkanda uko vidole vitatu pembeni, basi lilishafungwa na kufunguliwa. Nguo zilizokaa kwenye mbano miezi zinatoka na mikunjo mikali, bapa, isiyokubali kunyooka kwa kukung'uta. Jaketi lililoingizwa jana linatoka limejikunja ovyo tu, ukilikung'uta linakaa sawa.

Kwenye jaketi lenyewe, geuzeni kola na kifuniko cha mfuko wa kifua mtazame upande usioona jua. Nguo iliyozeeka kwa kuvaliwa hupauka inakosuguliwa, na chini ya kifuniko hubaki na bluu iliyoiva. Iliyoloweshwa jiki imepauka ndani na nje sawasawa. Nuseni kwapa na ndani ya mifuko, harufu ya jiki haifichiki kwa manukato. Vuteni kitambaa kwa mikono miwili: akisema ni la kiume la miaka ya 70 halafu linavutika na kurudi, muachieni, kwa sababu majaketi mengi ya wakati ule yalikuwa pamba tupu. Mwenye shaka achomoe uzi mmoja kwenye pindo la ndani auwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kubakiza jivu linalosagika, wakati nailoni na jamaa zake zinayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Lebo ndiyo inayomuumbua zaidi. Levi's, kampuni ya jinsi ya Marekani, walibadili maandishi ya kile kilebo chekundu cha mfukoni mwaka 1971, kutoka LEVI'S yenye E kubwa kwenda Levi's yenye e ndogo. Tapeli huyu ana jaketi lenye e ndogo analoapa kuwa ni la miaka ya 60. E kubwa nayo peke yake haitoshi, kwa sababu kampuni yenyewe imetoa matoleo mapya yanayorudia ya zamani. Marekani ilianza kulazimisha maelekezo ya kufua yashonwe kwenye nguo mwaka 1972, kwa hiyo lebo ya namna hiyo na hadithi ya miaka ya 60 haviendi pamoja. Na lebo yenye anwani ya tovuti haiwezi kuwa ya mwaka 1980, hilo halihitaji hata mtaalamu. Angalieni pia matundu ya sindano kuzunguka lebo: yakiwa safu mbili, ilihamishwa.

Malipo. Jina la kwenye simu likiwa tofauti na la aliyesimama mbele yako, usibonyeze namba ya siri, hata akisema ni ya mke, ya mama au ya bosi. Mlio Bukoba, Musoma na Ukerewe mnaotumiwa picha na kuambiwa mzigo unapanda meli leo, msitume hata nauli.

Waliokwisha kutapeliwa, msifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo yenu naye. Namba yake ipelekeni kwa ujumbe mfupi 15040, hiyo ni ya kuripoti matapeli wa simu, kisha nendeni kituoni mkachukue RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, kila mtu yake, na jaketi mkononi bila kulifua. Mkienda wengi kesi haifi kimyakimya. Na wale winga wawili waandikwe kwenye maelezo kama washiriki, kwa sababu wao ndio waliompandishia bei mdogo wetu kutoka 50,000 mpaka 65,000 kwa nguo waliyoiona ikiloweshwa.