Hita ya dizeli ya Kichina kwa HiAce yangu: inapasha, lakini si vile inatoka kwa boksi

Hii hita niko nayo kwa gari tangu msimu wa baridi wa mwaka jana, na kwa anayetaka kujua kama anunue jibu langu ni ndio, nunua, inapasha mpaka unafungua dirisha, lakini vile inatoka kwa boksi haikutengenezewa mtu anayeanzia safari zake Nairobi. Kuna vitu lazima utupe ununue vingine, na kuna mafuta lazima uipunguzie, na hiyo ya mafuta ndio kubwa kuliko zote, nitaifikia.

Gari ni HiAce ya dizeli iliyokuwa ya kubeba mizigo, nikaiwekea kitanda, sola na jiko dogo la gesi. Watu wa Pwani watacheka ati hita ya nini Kenya hii. Sawa, lakini kalale Kinangop mwezi wa saba, ama Nyahururu pale karibu na Thomson's Falls, ama geti ya Sirimon kule Mlima Kenya ambapo ni kama mita 2,650, asubuhi vioo vinatiririka maji kwa ndani na blanketi imeshika unyevu, ndio tuongee. Kuna watu hutatua hii shida kwa kuingiza jiko la makaa ndani ya gari ama kwa hema. Tafadhali usijaribu, kila msimu wa baridi tunasikia habari ile ile ya watu waliolala na jiko wakakosa kuamka.

Uzuri wa hita ya dizeli ni kwamba moto uko kwa chumba chake kilichofungwa, hewa ya kuchomea inavutwa kutoka chini ya gari na moshi unatemwa huko huko chini, hewa ile unapumua inapita tu nje ya hicho chumba na kurudi kwako ikiwa moto na kavu. Gesi ikiwaka ndani inaacha maji hewani, hii haiachi, na kwangu hiyo peke yake ilitosha kunishawishi. Za Ujerumani, Webasto na Eberspächer, ni mashine safi sana ila bei nikaangalia nikafunga ukurasa. Ya Kichina na kila kitu chake haikufika elfu ishirini na tano.

Kwanza usidanganywe na stika. Yangu imeandikwa 8 kW, uongo mtupu, na hesabu si ngumu: pampu ya mafuta imeandikwa mililita 22 kwa mipigo 1,000, ikipiga mara 5 kwa sekunde inakula kama mililita 396 kwa saa, na lita moja ya dizeli ina nguvu ya karibu 10 kWh, so hapo unachoma kama 4 kW na bado hujatoa ile inapotelea kwa ekzosi. Muuzaji alitaka kuniongezea bei kwa sababu ya hiyo "8", mimi nikalipa ya "5", mashine ni ile ile. Kwa HiAce hiyo joto ni nyingi hata.

Kufunga nilipeleka kwa mzee mmoja Kariobangi Light Industries. Zile video za Ulaya wanaficha hita chini ya kiti cha abiria, kwa HiAce sahau, injini iko hapo chini ya viti vya mbele, kwa hivyo yetu iliingia ndani ya benchi nyuma ya mlango wa kuteleza. Huyu mzee kabla aguse drili alilala chini ya gari na tochi muda mrefu, akaweka alama za chaki mahali hakuna chasi, hakuna bomba la breki, hakuna kebo ya handibreki. Akatoka, akajipangusa, akaniuliza, "Bosi, hii kitu ikishika moto nani ataulizwa?" Nikamwambia, "Mzee, ndio maana nimekuletea wewe." Akacheka akaendelea.

Kitu alichofanya ambacho sijaona mtu akisema: sakafu ya HiAce ina matuta, na kile kisahani cha hita kinataka kukaa flati. Ukikaza boliti juu ya matuta, mwili wa hita unajipinda kidogo, na feni inaanza kukwaruza ukuta. Yeye alikata bati la milimita 3, akalichomelea liwe daraja juu ya matuta, akaweka gasketi, akakaza, halafu akazungusha feni na kidole. Ilizunguka bila kugusa mahali. Ukifunga yako fanya hivyo kabla uunganishe waya wowote.

Sasa vitu vya boksi. Ule mrija wa mafuta wa kijani tupa. Ni laini, pampu ikipiga unavimba na kunywea, hewa inaingia kwa maungio na moto unaanza kupanda na kushuka bila sababu. Nimeweka mrija wa naironi ngumu mweupe wa tundu la kama milimita 2, na pale kwenye maungio ya mpira ncha mbili za naironi zinagusana ndani, hakuna nafasi ya povu kukaa. Klipu zao pia tupa, za kutosha ni za kukaza na skrubu. Pampu iinamishwe, upande wa kutokea mafuta ukiangalia juu, ili povu lisikwame, na iningʼinie kwa mpira la sivyo ule mlio wake wa tik tik tik utaingia kwa chuma cha gari na utausikia kwa meno ukiwa umelala. Waya walionipa nilitazama nikacheka. Glo plagi, ile plagi inayopata moto mkali ili kuwasha mafuta, ikianza inavuta kama ampea 10 kwa dakika mbili tatu, na waya mwembamba unaangusha volti mpaka hita inasema betri imekufa na betri iko sawa kabisa. Tumevuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwa betri, na fyuzi karibu na betri. Ikishashika moto inatulia, inakula kidogo sana, sola ya kawaida inaimudu.

Tanki ya plastiki ya kwenye boksi sikuitumia. Sitaki lita 10 za dizeli ndani ya nyumba yangu. Mzee alishusha tanki la gari akaweka bomba lake la kuvuta lisilofika chini kabisa, kwa hivyo hita haiwezi kunimalizia mafuta yote nikakwama porini. Wengine wanasema tumia mafuta ya taa kwa sababu yanaungua safi zaidi. Ni kweli yanaungua safi, lakini yangu inakunywa kwa tanki la gari na mafuta ya taa hayaingii huko kwa hiari yangu, tumeshateswa vya kutosha na wanaoyachanganya na dizeli, mpaka serikali ikaweka tozo ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu yao.

Ekzosi ndio mahali usiwe na haraka. Silensa yao ndogo imekunjwa tu kwa mshono, haijachomelewa, inavuja moshi kwa mshono, kwa hivyo haifai kabisa kukaa chini ya sakafu unayolalia. Tumeisogeza mpaka ukingoni, bomba linatoka nje upande usio na mlango wala dirisha la kufungua, limefungwa kitambaa cha kuzuia joto mahali panapopita karibu na kitu chochote cha plastiki, na kale katundu ka silensa kameangalia chini kumwaga maji. Kivuta hewa kinaangalia upande mwingine kabisa kisije kikavuta moshi wake chenyewe. Na alamu ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu inayoua wanaolala na jiko, ni lazima, si mapambo. Yangu iko karibu na kichwa cha kitanda na naibonyeza kila nikipaki.

Haya, mafuta na mwinuko. Vitabu vya hizo kampuni za Ujerumani zenyewe vinasema matumizi bila masharti ni mpaka mita 1,500, kupita hapo kukaa muda mrefu unatakiwa kurekebisha. Nairobi ni karibu 1,800. Yaani tumeshapita mpaka tukiwa bado nyumbani, bado hata hatujapanda Limuru. Hewa ya Nairobi ina presha kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, ukifika mita 2,500 ni kama 75, lakini pampu haijui hayo, inamwaga mafuta yale yale iliyofundishwa kiwandani. Mafuta mengi hewa kidogo, kinachobaki ni masizi.

Yangu ilianza vizuri kwa mipangilio ya kiwandani halafu ikaanza kusumbua kuwaka, moshi mweupe mwingi, inajaribu mara ya pili, inaandika E-10, yaani imeshindwa kuwaka, inalala. Nilipoifungua, ule wavu mdogo wa chuma unaozunguka glo plagi ulikuwa umeziba kabisa, hata huoni matundu, na chumba cha moto kimepakwa masizi makavu yanayobanduka vipande ukigusa na bisibisi. Mashine changa kabisa hiyo. Wavu unang'olewa unawekwa mpya, ni bei ya chai, na gasketi usirudishe ya zamani.

Kisha nikaingia kwa mipangilio iliyofichwa ya kontrola, kale kaskrini ka kuwashia na kupanga joto, yangu namba ya siri ni 1688, nikatoa mipigo ya pampu ya juu kutoka 5.0 mpaka 4.0 kwa sekunde na ya chini kutoka 1.6 mpaka 1.3, feni sikuigusa. Hiyo ni ile asilimia 80 tu, hakuna uganga. Joto la juu limepungua ndio, lakini sijawahi kulihitaji lote, na tangu hapo mdomo wa ekzosi ni wa kijivu badala ya mweusi tii. Huo mdomo ndio nauangalia, ukianza kuwa mweusi napunguza tena kidogo. Usipunguze kupita kiasi kwa ile ya chini kwa sababu moto unazimika wenyewe. Na kabla ya kuizima asubuhi naipeleka juu kabisa kwa dakika ishirini hivi, kwa sababu kukesha ikiwa chini usiku mzima ndio kunazalisha masizi hata kama umerekebisha. Kuzima ni kwa kitufe, uache imalize kujipoza, ukikata umeme ghafla ile joto iliyobaki inayeyusha plastiki za ndani.

Siku hizi kuna zenye kisensa cha presha ya hewa zinazojirekebisha mlimani zenyewe. Ningekuwa nanunua leo ningeongeza pesa kwa hiyo badala ya kulipia stika ya 8 kW, na ningeagiza pamoja nayo wavu wawili, glo plagi na gasketi, kwa sababu ukizitafuta baadaye mjini utazunguka maduka ya spea ya Kirinyaga Road nzima unaonyeshwa plagi za Land Cruiser.

Kontrola nayo usiiache pale juu ya tundu la hewa moto, inapima joto la hapo ilipo na itadhani gari lote limeiva. Yangu niliihamishia ukutani karibu na mto, naweka 18 nalala. Kinachonikera bado ni kelele ya nje, ekzosi inavuma kama ndege ya mbali na ndani husikii, lakini jirani wa hema anasikia vizuri sana, kwa hivyo nikifika kambini naangalia kwanza hema ziko wapi halafu napaki upande wa ekzosi ukiangalia kichaka.