Grili ya dirisha inayofunguka kwa ndani, kazi ya karakana ya Kariobangi

Dirisha la chumba cha watoto wangu lina grili mpya, na mlango wetu wa sebuleni umebadilishwa namna ya kufungwa. Kazi yote imefanywa na fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries, Nairobi, mzee asiye na bango wala kadi, kwenye vichochoro vile ambako kutwa nzima ni nyundo na grainda. Nimeishi na kazi hiyo tangu kabla ya mvua za masika, kwa hiyo sasa naweza kuizungumzia. Ni kazi ya chuma ya maana kuliko zote nilizowahi kulipia. Nina manung'uniko pia, nitayafikia.

Kwanza hali ya kwetu, maana bila hiyo hutaelewa nilikuwa natafuta nini. Tunakaa Umoja, nyumba ya chini kabisa, na madirisha ya nyuma yanatazama kichochoro ambacho soja wa langoni hakioni. Mimi ni muuguzi. Nikiwa zamu ya usiku, ndani hubaki mama yangu mzazi na wanangu wawili, mmoja Gredi ya 5 na mwingine PP2, yaani chekechea. Mwaka jana jirani yetu aliingiliwa usiku watu wakiwa wamelala. Wezi walipachika jeki ya gari katikati ya vyuma vya dirisha la jikoni, wakaizungusha taratibu mpaka vyuma vikapanuka mtu akapita. Walibeba televisheni, mtungi wa gesi na simu zilizokuwa zinachajiwa. Hakuna aliyeguswa, nashukuru Mungu, lakini mtoto wa nyumba ile bado hakubali kulala taa ikiwa imezimwa.

Baada ya tukio hilo ploti nzima iliita mafundi. Wengine waliongeza grili juu ya grili, wengine wakatia kufuli tatu kwenye mlango mmoja. Nawaelewa kabisa. Ila mimi kazini napokea watu waliotolewa kwenye nyumba zilizoungua, na najua kinachowaua wengi ni moshi kabla moto haujawafikia. Godoro la sponji likishika moto, chumba kidogo hujaa moshi wa sumu ndani ya dakika chache. Mtu anayepapasa gizani akitafuta ufunguo hana muda huo.

Wakenya wa umri wangu hatujasahau Kyanguli. Machi 2001 bweni la shule hiyo ya Machakos liliungua usiku na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Wizara ya Elimu ilipotoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008, iliagiza madirisha ya mabweni yasiwe na grili na milango ifunguke kwa nje. Shuleni tumekataza, halafu watoto wakifunga shule wanakuja kulala kwetu nyuma ya vyuma vilivyochomelewa pande zote nne. Jambo hili linanikera sana, na ndilo lililonitoa nyumbani kwenda Kariobangi.

Nilizunguka karakana kadhaa nikisema kitu kile kile: nataka grili ambayo mwizi hawezi kuifungua na mtoto wa miaka kumi anaweza. Wengi walinionyesha grili yenye kilango kinachofungwa kwa kufuli, yaani bado ni ufunguo. Mzee huyu hakunionyesha kitu. Alinivutia stuli akaanza kuuliza. Nani analala chumba hicho? Kitanda kimekaa upande gani? Dirisha lina vioo vingapi, na kipi kinafunguka? Mtoto mfupi kuliko wote mkono wake unafika wapi akisimama? Hilo la mwisho sikuwa na jibu, ikabidi nipige simu nyumbani mama ampime kwa utepe wa kushonea. Pale pale nikajua nimefika kwa fundi.

Sasa kazi yenyewe. Vyuma vya wima ni vya mraba, vya milimita 12, vilivyojaa. Mafundi wengi hupendekeza bomba la mraba kwa sababu ni rahisi na linaonekana nene, lakini ndani ni tupu na msumeno wa chuma hulimaliza upesi. Vyuma vitatu bapa vya kulala vimetobolewa matundu, na kila chuma cha wima kimepitishwa ndani ya tundu lake kisha kikachomelewa kuzunguka. Hapo ndipo jeki inaposhindwa. Chuma kilichobandikwa juu ya kingine kwa spoti mbili, yaani vidoa vya kuchomelea, kikisukumwa kwa nguvu spoti zinaachia, lakini kilichopita ndani ya tundu hakina pa kwenda. Nafasi kati ya chuma na chuma ni kama sentimita 10. Fremu yenyewe imeshikwa na miguu ya chuma iliyochimbiwa ndani ya ukuta na kufunikwa kwa simenti, kwa hiyo hakuna skrubu ambayo mtu wa nje ataifikia kwa bisibisi.

Katikati kuna kilango cha sentimita 55 kwa 70, mtu mzima anapita. Kinafungukia ndani ya chumba, na kimewekwa sambamba na kioo kile kinachofunguka, jambo ambalo fundi mwingine angelisahau, ukafungua grili ukakutana na kioo kisichofunguka. Bawaba ziko ndani na pini zake zimechomelewa vichwa. Komeo limefichwa ndani ya kisanduku cha bati nene, wazi upande wa chumba tu. Ili lifunguke unainua mkono wake kwanza, halafu unavuta kushoto. Mzee aliniambia nitoke nje ya karakana, nisimame upande wa mwizi, nijaribu. Nilipitisha mkono hadi kwenye kiwiko, nikapapasa bati, vidole havikupata pa kushika. Akanipa waya mnene nikaukunja kama ndoano nikajaribu tena. Waya uligonga kisanduku ukateleza. Yeye mwenyewe akajaribu kwa fimbo yenye kamba, akashindwa, ndipo akakubali kazi iko tayari kupakwa rangi.

Mlango nao. Wetu ni ule wa chuma wa kawaida wa Nairobi, wenye tundu la kupitisha mkono ili ufikie kufuli ukiwa nje au ndani. Usiku kila mtu hutia kufuli kwa ndani na ufunguo ukaning'inizwa msumarini, mara nyingi karibu na dirisha, na wezi wanaovuta vitu dirishani kwa fimbo wanalijua hilo kuliko sisi. Mzee alipokuja kupima aliiona ile kufuli akatikisa kichwa. "Sista, mwizi anatoka nje. Kufuli ya ndani unamfungia nani?" Nikamwambia mzee wangu, basi nionyeshe njia nyingine. Alichofanya ni kulitilia tundu kifuniko kinachokazwa kutoka ndani, na kuweka komeo mbili nzito, moja juu kidogo ya goti na nyingine usawa wa kifua, zote mbali na tundu kiasi kwamba hata kifuniko kikivunjwa mkono haufiki. Upande wa bawaba ameongeza vijino viwili vya chuma vinavyoingia ndani ya fremu mlango ukifungwa, hivyo mtu akikata bawaba bado mlango haung'oki. Kufuli sasa ni ya mchana, tukiwa wote tumetoka, na imewekewa kisanduku ili mkasi wa chuma usifikie ule upinde wake.

Aliyenipa hukumu ya mwisho ni mama yangu. Ana baridi yabisi, vidole vyake vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri asubuhi wala usiku wa baridi. Komeo la kwanza la mlango lilimshinda. Alilivuta, akabadilisha mkono, akalivuta tena huku amejiegemeza ukutani, mpaka nikamwambia aache. Fundi hakubishana. Alilitoa, akasugua reli yake, akapaka grisi, na akachomelea mkono mrefu wenye kitanzi kikubwa ambacho mama anaingiza kiganja kizima bila kukunja vidole. Sasa analifungua kwa kuvuta mkono kuelekea kwake. Kazi hiyo ya ziada hakuilipisha. Watoto nao wamezoezwa gizani, taa zimezimwa kabisa: mkubwa anafungua kilango, anasukuma kioo, anamshusha mdogo, kisha wanakwenda kusimama langoni kwa soja. Chini ya dirisha tumeweka kreti ya soda iliyogeuzwa ili mdogo apate pa kukanyaga. Kitanda tulikihamishia ukuta mwingine. Mdogo analipenda zoezi hilo na anauliza litarudiwa lini.

Manung'uniko. La kwanza ni muda. Aliniahidi Jumamosi, nikaletewa grili wiki iliyofuata, na nyakati hizo dirisha lilikuwa limeshang'olewa vyuma vya zamani. Nililazimika kubadilishana zamu na mwenzangu ili nilale nyumbani. Mwenye familia hawezi kuachwa na dirisha wazi, na nilimwambia hivyo bila kuficha. Ukienda kwake, usikubali ya zamani iguswe mpaka mpya iwe imefika na uione kwa macho. La pili ni rangi. Redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ilipakwa vizuri sehemu tambarare, lakini kwenye pembe za ndani za kilango mabaki ya kuchomelea hayakugongwa yote, na mvua za Aprili zilipoanza kupiga dirisha, kutu ilichungulia hapo hapo. Mimi mwenyewe niliisugua kwa brashi ya waya na kupaka upya. Chuma chenyewe kiko imara, ila kwa bei niliyolipa pembe hizo zilistahili uangalifu.

Bei sasa. Grili pamoja na kilango na kuipachika ilinigharimu shilingi 11,500, na marekebisho ya mlango shilingi 6,000. Grili ya kawaida isiyofunguka ningeipata kwa pungufu ya hapo, bila shaka. Tofauti hiyo ninailipa kwa roho safi. Nililipa nusu kwa M-Pesa kwanza na nusu baada ya kupachikwa, na gharama ya mkokoteni hadi Umoja ilikuwa yangu.

Kuna kampuni ya alamu iliyotuma kijana kwetu kabla sijaenda Kariobangi. Sina ubaya na alamu. Kwa nyumba yenye ua wake na uwezo wa kulipa kila mwezi, kitufe cha kuita gari la walinzi ni msaada mkubwa, mradi uhakikishe kampuni imesajiliwa na PSRA, mamlaka inayosimamia walinzi wa kibinafsi, kama sheria ya ulinzi wa kibinafsi ya 2016 inavyotaka. Kijana yule sikumwelewa alipodai alamu ingetosha bila kugusa dirisha. Alamu inaita msaada, na msaada unachukua muda kufika. Namba 999 na 112 tumezibandika ukutani karibu na swichi, mama anazijua, lakini kati ya kupiga simu na mtu kufika, kinachosimama kati ya wanangu na kichochoro ni chuma kile. Taa ya sola inayowaka mtu akipita, tuliyoiweka nyuma, naipendekeza kwa yeyote. Ni bei ndogo na haitegemei stima, ambayo kwetu hupotea usiku bila taarifa.

Ukiwa mpangaji, anza na mwenye nyumba. Wa kwetu alisita akidhani kilango kitadhoofisha dirisha, mpaka nilipompeleka karakana akajaribu kukifungua kwa nje kama nilivyojaribu mimi. Aliniruhusu, na sasa ameulizia bei ya madirisha ya nyumba nyingine za chini. Na ukifika kwa fundi yeyote, huyu au mwingine, omba kuiona grili kabla haijapakwa rangi. Rangi huficha spoti. Pitisha kidole kila kiungo, uone kama mstari wa kuchomelea umezunguka chuma chote. Peleka vipimo vya kioo kinachofunguka, na vya mkono wa mtoto wako.

Dirisha la chumba cha mama ndilo linalofuata. Tumeshakubaliana kilango chake kitakuwa kipana zaidi na kitakaa chini zaidi, kwa sababu yeye hawezi kupanda, na komeo litakuwa na kitanzi kama cha mlangoni. Malipo ya awali nitapeleka mshahara ukiingia, na vyuma vya zamani havitaguswa hadi vipya viwe sebuleni kwangu.