Mafundi wa kunyonya mafuta waliokuja hadi kituoni: uzoefu wangu

Hii ni huduma ninayoipendekeza kwa yeyote aliyetiliwa mafuta yasiyo ya gari lake. Mafundi wanakufuata pale ulipokwama, wanalitoa tangi mafuta yote, wanasafisha njia zake, kisha unaondoka ukiendesha mwenyewe bila kuvutwa.

Gari langu ni la dizeli na mhudumu wa kituo alilitilia petroli. Niliiona kwenye risiti kabla sijawasha. Upande huu ndio hutokea zaidi, kwa sababu mdomo wa bomba la petroli ni mwembamba na unaingia bila shida kwenye tangi la dizeli. Bomba la dizeli kwa kawaida ni nene, magari mengi ya petroli hayalipokei. Mhudumu alinishauri nijaze dizeli juu yake niendelee na safari, eti petroli itapotelea humo humo. Ushauri huo haukutoka hewani: vitabu vya baadhi ya magari ya dizeli ya zamani viliruhusu kuchanganya petroli kidogo wakati wa baridi kali. Kwa injini za dizeli za siku hizi za komoni reli, yaani zinazopuliza mafuta kwa presha kubwa sana, usithubutu.

Fundi alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa kama nimefungua swichi. Si kuwasha, kufungua tu. Katika magari mengi, swichi ikifunguliwa pampu ya ndani ya tangi huanza kusukuma mafuta mbele hata kama injini haijawaka. Akanieleza kwamba dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya presha, na petroli haina utelezi huo. Pampu yenyewe inafanya kazi kwa presha inayoweza kupita ba 1,600. Ikikosa ulainisho vyuma vinasagana, chenga zake zinasafiri hadi kwenye nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini, na hapo gharama si ya kusafisha tangi tena, ni ya kubadilisha mfumo mzima wa mafuta.

Tulilisukuma gari pembeni likiwa gia huru. Nilifurahi kuona alivyoogopa moto: alifunga waya wa kuondoa umeme tuli, akaweka kizima moto karibu, akatumia pampu maalumu isiyotoa cheche. Bado wako watu wanaonyonya petroli kwa mdomo na mpira, na petroli ikiingia mapafuni inaweza kuua. Nilimuuliza kama angeweza kupunguza ya juu tu, akakataa. Petroli na dizeli zikishachanganyika hazijitengi, kwa hiyo ukiacha nusu umeacha nusu ya tatizo. Alilikausha tangi, akabadilisha filta, akapitisha dizeli safi, akatoa hewa, ndipo akaniambia niwashe. Liliwaka, na hakuondoka hadi aliposikiliza injini kwa muda wa kutosha. Tangu siku hiyo halijasumbua.

Lawama yangu ni kwa mpokea simu wao. Aliniuliza namba ya gari, aina yake, mahali nilipo na nitakavyolipa, lakini hakuniambia nisiguse swichi. Nilijua tayari. Mwingine angewasha ili aondoke kwenye pampu kwa sababu watu wanampigia honi nyuma, na uharibifu ungekuwa umeshaanza kabla fundi hajafunga mlango wa gari lake. Neno hilo linapaswa kutangulia maswali yote. Nimewaandikia hivyo. Walichelewa pia kuliko walivyoahidi, ingawa hilo halinisumbui sana.

Bei walinitajia kwenye simu na haikuongezeka. Mchanganyiko waliutoa wakauchukua wenyewe, maana si kitu cha kumwaga mtaroni. Wakaniandikia ripoti inayoonyesha kiasi cha mafuta waliyotoa, filta iliyobadilishwa na kwamba injini haikuwashwa. Ombeni karatasi hiyo. Nilipompelekea meneja wa kituo pamoja na risiti, hakuwa na la kubishana, akanirudishia gharama yote.