TAHADHARI: Snokeli za kubandika, kagua fenda kabla hujaingia majini

Wadau wa 4x4 Arusha na Moshi, kuna fundi anapita kwenye magrupu akiwauzia wenye Prado na Land Cruiser "seti kamili ya porini": snokeli (bomba la kuipandishia injini mdomo wa kuvuta hewa, juu ya maji), kuinua gari inchi 2 na ngao ya mbele. Mimi nilimlipa milioni 2.4 mwezi wa kwanza. Gari lilipendeza, watu wakaniuliza nimefungia wapi, nikawaelekeza kwake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mwezi wa nne nilikuwa njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, korongo limejaa. Nilivua viatu nikapima kwa miguu, maji yakanifika mapajani. Nikaingia nikiitegemea snokeli. Katikati, injini ikakata ghafla, kama imeshikwa na mkono.

Kesho yake fundi mwingine alipotoa nozeli (zile za kupulizia mafuta) na kuzungusha injini, maji yaliruka hadi kwenye boneti. Maji hayagandamizwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta inagota na konrodi, mkono wa chuma unaoisukuma, inapinda. Zangu zimepinda mbili.

Tukafungua fenda. Bati zima, halijatobolewa kupitisha bomba! Snokeli imeshikiliwa na skrubu nne na silikoni nyeusi, na injini inavuta hewa palepale pa zamani, nyuma ya taa. Huko "kuinua" nako ni vipande vya chuma vilivyowekwa juu ya shokapu, springi ni zilezile zilizochoka.

Nilipompigia aliyenifungia akanijibu: "Hukusema unaingia kwenye maji." Jamani, snokeli ni ya nini? Anayetaka ya urembo aifunge, ni gari lake, lakini aambiwe ni urembo na atozwe bei ya urembo.

Kama alikufungia, jaribu leo. Washa gari, liache silensa (lingurume bila kukanyaga mafuta), ziba mdomo wa snokeli kwa kiganja au kipande cha mpira. Ikiwa imeunganishwa vizuri, injini itahangaika na kuzima. Ikiendelea kunguruma vilevile, inavuta hewa kwingine. Halafu fuata bomba kutoka kwenye chujio la hewa hadi kwenye fenda, uone tundu kwa macho yako na uguse maungio yote.

Wale niliowaelekeza kwake, naomba radhi. Nitafuteni tukague pamoja, picha za fenda yangu ninazo.