Unga wa soya wa Ngara

Nimenunua kilo moja kwenye kiduka kimoja Ngara, shilingi 250. Umekaangwa vizuri, unanukia kama njugu, na uji wake haufanyi madonge. Mama alimaliza kikombe kizima, jambo adimu tangu aanze kemo, yaani dawa za saratani.

Kinachoniudhi ni muuzaji: eti soya "inafukuza saratani". Ni kweli Ann Kennedy wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichunguza kwa miaka mingi Bowman-Birk, protini ya soya inayozuia protiasi, yaani vimeng'enya vinavyovunja protini, kuona kama inakinga saratani. Lakini jaribio kwa watu wenye mabaka meupe mdomoni yanayoweza kugeuka saratani, lililochapishwa 2013, halikuonyesha kwamba protini hiyo inashinda dawa bandia isiyo na kitu ndani. Na hiyo ilikolezwa maabara, si uji huu wetu wa sufuria! Unga nitarudia. Hotuba, hapana.